UZI: Oscileta yangu inapanda mchana, inashuka usiku. Nimefuata vipimo vya Eurorack, nimekosea wapi?

#1 Waya_Mwekundu (Dar)

Habari zenu wakuu. Naenda moja kwa moja.

Nimejitengenezea sinthesaiza ya moduli, ile ya vipande vipande unaviunganisha mwenyewe kwa waya. Sikutaka kujenga kitu cha kisiwani. Nataka siku nikipata moduli ya dukani, hata ya mtumba, niichomeke ipige. Kwa hiyo nimefuata vipimo vya Eurorack alivyochapisha Mjerumani Doepfer: paneli urefu milimita 128.5, upana kwa hesabu ya HP (HP moja ni milimita 5.08), jeki za milimita 3.5, umeme +12 na −12, oscileta (moduli inayotoa sauti) ya volti moja kwa oktavu moja, yaani ukiongeza volti moja noti inapanda oktavu moja.

Nilichonacho: pawa sapulai ya adapta ya AC volti 12 pamoja na regyuleta (aisii za kutuliza umeme) 7812 ya +12 na 7912 ya −12, kibodi ya Arduino inayotoa volti kupitia aisii ya MCP4822, oscileta mbili za transista, filta moja.

Shida ni hii. Asubuhi natyuni, safi kabisa. Saa nane mchana imepanda karibu semitoni nzima. Saa mbili usiku imeshuka na inatetemeka kama mbuzi. Halafu nikichomeka oscileta ya pili kwenye kibodi hiyohiyo, zote mbili zinakuwa chini kidogo, hasa noti za juu.

Nyumba ni ya bati. Natanguliza shukrani.

#2 Kaa_La_Moto

Nimekaa pale nasubiri wataalamu. Ila "inatetemeka kama mbuzi" nimeiba, naenda kuitumia.

#3 FundiRedio_Temeke

Umejijibu mwenyewe kijana. Bati.

Oscileta ya volti kwa oktavu inategemea transista kugeuza volti kuwa mkondo kwa mfumo wa kujizidisha. Kwenye joto la kawaida la chumba, kila ukiongeza kama milivolti 18 kwenye besi (mguu wa kudhibiti wa transista), mkondo unakuwa mara mbili, na hiyo ndiyo oktavu. Sasa transista hiyohiyo, ikipata joto nyuzi moja tu, volti yake ya besi inahama karibu milivolti 2. Gawanya 2 kwa 18. Ni moja ya tisa ya oktavu, yaani zaidi ya semitoni nzima kwa nyuzi moja ya joto! Ndiyo maana hatutumii transista moja, tunatumia mbili zinazofanana, zimegandishwa uso kwa uso ili joto la moja liwe la mwenzake na kosa lijifute.

Swali: zako umezigandisha?

#4 Waya_Mwekundu

Mzee shikamoo. Ziko mbili, BC547, nimezichagua kwa mita. Hazijagusana lakini ziko jirani, kama nafasi ya kidole.

#5 FundiRedio_Temeke

Marahaba. Nafasi ya kidole ni kama Temeke na Bagamoyo. Zigandishe kwa gundi ya epoksi, funga na kipande cha shaba, halafu ziweke mbali na regyuleta.

#6 Profesa_Umeme

Kabla hatujafika mbali, mtoa mada anasema amefuata "kiwango" cha Eurorack. Hakuna kiwango hapo, kuna mazoea. Dieter Doepfer alitoa mfumo wake wa A-100 Ujerumani katikati ya miaka ya 1990, akachapisha vipimo vyake, wengine wakamfuata. Urefu wenyewe hakuubuni, aliuchukua kwenye raki za vifaa vya maabara na viwanda zilizokuwepo tayari. Hakuna kamati iliyokaa kusaini chochote. Ndiyo maana mmoja anatoa geti (volti ya kuwasha noti) ya volti 5, mwingine 8, mwingine 10, na wote wameandika Eurorack kwenye boksi.

Hata hiyo volti moja kwa oktavu aliyoianzisha Doepfer kuna watu hawaifuati.

#7 Juma_Mtaa_wa_Luthuli (Nairobi)

#6 prof umeteleza hapo mwisho. Volti moja kwa oktavu ni ya Bob Moog, Marekani, miaka ya 1960. Doepfer aliikuta. Buchla wa California yeye alitumia 1.2, kwa sababu 1.2 ukiigawa kwa 12 unapata 0.1 kamili kwa semitoni. Ukigawa volti moja kwa 12 unapata milivolti 83.3 na mkia usioisha.

Na wasee, mkipata sinthesaiza ya Korg MS-20 ya zamani, ile ya 1978, msiichomeke mkadhani itaelewana na hizi. Ile inataka volti iongezeke mara mbili kila oktavu: 1, 2, 4, 8. Na triga yake ni ya kinyume, inataka waya ushushwe kwenye athi ndipo noti ilie. Mimi nilikaa wiki mbili nikidhani nimeuziwa maiti.

#8 Profesa_Umeme

Nakubali kusahihishwa kwa Moog. Hoja ya mazoea inabaki palepale.

#9 Dada_Risasi (Mwanza)

Mazoea au kiwango, kuna kitu kimoja mkikosea hakuna mjadala: waya wa utepe unaoleta umeme kwenye moduli. Ile alama nyekundu ni −12. Pini 10: mbili za −12, sita za athi katikati, mbili za +12. Ukiigeuza, plasi inakaa kwenye mainasi na mainasi kwenye plasi, na TL072 zako zote (aisii za opampu, za kukuza ishara) zinaondoka pamoja. Weka diodi kwenye kila njia ya umeme ndani ya kila moduli, 1N5817 inatosha. Diodi ni bei ya andazi.

Na kwa kuwa umetaja 7812 na 7912, niwape kisa changu. Sapulai yangu ya kwanza niliifunga mwenyewe usiku, regyuleta zote mbili kwenye hitisinki moja ya aluminiamu niliyoing'oa kwenye amplifaya mbovu. Nikabana skrubu vizuri, nikajisifu. Kuwasha, taa ya plasi ikawaka, ya mainasi kimya. Nikaanza kukagua diodi. Dakika mbili hivi nikasikia harufu kama ya sukari inayoungua, nikashika transfoma, nikaruka.

Kumbe mgongo wa 7812 ni athi, lakini mgongo wa 7912 ni mahali umeme unapoingilia. Nimeziunganisha kwa bati moja, kwa hiyo nimepiga shoti upande mzima wa mainasi. Na miguu haifanani pia: 7812 ni ingizo, athi, tokeo, 7912 ni athi, ingizo, tokeo. Tangu siku hiyo naweka kipande cha maika na kibushi cha plastiki kwenye skrubu, na fyuzi kabla ya kitu chochote.

#10 Kaa_La_Moto

Dada harufu ya sukari ndiyo umenimaliza. Pole.

#11 Waya_Mwekundu

@Dada_Risasi asante, nimeenda kuangalia mbio. Zangu ziko kwenye hitisinki mbili. Mungu ni mwema. Ila diodi kwenye moduli sina hata moja.

#12 Dada_Risasi (Mwanza)

Kazime hiyo kitu uende dukani.

#13 Msafiri_wa_Leipzig

Nasoma kutoka huku baridi. Mbona mnamrukia bati tu? Ametaja dalili tatu. Joto linaweza kueleza mchana. Haliwezi kueleza kwa nini noti zinashuka akichomeka oscileta ya pili.

Hiyo ni rezista ya tokeo. Hebu mkuu tuambie: kwenye kibodi yako, kutoka opampu hadi kwenye jeki, umeweka rezista ya kiloom 1? Na ingizo la oscileta ni kiloom 100?

#14 Waya_Mwekundu

Ndiyo, hivyohivyo. Niliona kila sakiti ina kiloom 1 pale ya kuilinda opampu.

#15 Msafiri_wa_Leipzig

Basi piga hesabu. Kiloom 1 ikilisha kiloom 100, inapotea asilimia moja ya volti. Asilimia moja ya oktavu ni senti 12 (senti 100 ni semitoni moja). Ukicheza oktavu nne juu umepotea karibu senti 48, nusu semitoni. Ulipotyuni na oscileta moja, trima (rezista ya kuzungusha ya kutyunia) ilikuficha hilo kosa. Ukichomeka ya pili, mzigo unakuwa kiloom 50, kosa linakuwa karibu mara mbili, na trima haikujua. Ndiyo maana noti za juu ndizo zinaumia.

Dawa: ile rezista iingize ndani ya mzunguko wa marejesho ya opampu (njia inayorudisha tokeo lake kwenye ingizo), yaani marejesho yachukuliwe upande wa jeki, si upande wa opampu. Opampu italipa yenyewe kinachopotea.

#16 FundiRedio_Temeke

Hapo umenena. Ila ukichukua marejesho upande wa jeki, weka na kapasita ndogo ya pikofaradi kadhaa kati ya tokeo la opampu na ingizo lake la mainasi, vinginevyo ukichomeka waya mrefu opampu inaanza kupiga mluzi usiousikia.

#17 Juma_Mtaa_wa_Luthuli (Nairobi)

Mimi sikatai #15 lakini ya usiku sidhani ni joto wala rezista. Ni stima. Angalia: adapta ya AC 12, ukiipitisha diodi moja kila upande unapata kilele cha volti 16 na kidogo. Saa mbili usiku mtaa mzima umewasha kila kitu. Umeme wa ukutani ukishuka kutoka 230 hadi 190, kilele chako ni volti 13 na kidogo. 7812 inataka angalau volti 2 juu ya 12 ili ifanye kazi. Haipati. Kwa hiyo mawimbi ya hamsini kwa sekunde yanapita hadi kwenye oscileta, ndiyo huo mtetemo wa mbuzi.

Mimi nilihama kwenye adapta ya AC nikaweka transfoma ya 15-0-15. Mbuzi alinyamaza.

#18 Mwenye_Kompyuta_Mbovu

Kwa nini msitumie pawa sapulai ya kompyuta? Ina +12 na −12 na +5, bure kabisa, mafundi wanatupa.

#19 Juma_Mtaa_wa_Luthuli (Nairobi)

Soma lebo yake. +12 ina ampea za kumwaga, −12 mara nyingi haifiki hata ampea moja. Na kelele yake ya kuswichi utaisikia kwenye filta. Ya kuwashia taa sawa.

#20 Mwenye_Kompyuta_Mbovu

Nimeitumia miaka mitatu. Sijasikia kelele.

#21 Dada_Risasi (Mwanza)

Unapiga muziki gani?

#22 Mwenye_Kompyuta_Mbovu

Singeli.

#23 Dada_Risasi (Mwanza)

Basi kelele ipo, imejificha kwenye kazi.

#24 Kaa_La_Moto

😂😂 mods fungeni uzi, mshindi kapatikana.

#25 Profesa_Umeme

Turudi kwenye joto, maana FundiRedio ametoa nusu ya habari. Kugandisha transista mbili kunafuta kosa la kwanza. Kosa la pili linabaki: zile milivolti 18 zenyewe si 18 daima. Zinakua kwa karibu theluthi moja ya asilimia kwa kila nyuzi. Hapo kuna kipimo rahisi. Mtoa mada, mchana jaribu noti za chini, za kati na za juu. Zote zikipanda kwa kiasi kimoja, ni kosa la kwanza, transista hazina joto sawa. Noti za chini zikipanda na za juu zikashuka, huku moja katikati haitikisiki, ni kosa la pili, na gundi haitakusaidia kitu. Hapo unahitaji rezista maalumu inayokua kwa joto, sehemu 3,300 kwa milioni kwa kila nyuzi.

#26 Waya_Mwekundu

Nimejaribu leo saa saba na nusu, kipimajoto cha ukutani kinasoma 34. Zote zimepanda. Lakini za chini zimepanda zaidi ya za juu.

#27 Profesa_Umeme

Basi una yote mawili.

#28 Msafiri_wa_Leipzig

Au rezista zake ni za kaboni. Mkuu, zina mistari minne au mitano?

#29 Waya_Mwekundu

Minne. Rangi ya maziwa ya chai.

#30 Msafiri_wa_Leipzig

Nilijua. Za kaboni zinahama kwa joto kuliko za metali, na huwezi kujua kila moja inahama kiasi gani. Badilisha zile za njia ya volti ya noti tu, usihangaike na zingine.

#31 FundiRedio_Temeke

Rezista ya 3,300 huipati Kariakoo, nimeshazunguka. Wanakutazama kama umeomba figo. Sasa niwape siri. Waya wa shaba unakua kwa karibu sehemu 3,900 kwa milioni kwa nyuzi. Na ndani ya rilei (swichi ya sumaku) kuna nini? Koili ya shaba. Chukua rilei ndogo ya volti 24, pima koili. Yangu ilisoma om 1,600. Ongeza rezista ya metali ya om 300 hivi kwenye mstari mmoja nayo, jumla inakua kwa takriban 3,300. Nikaifunga na transista zangu kwa shaba. Ina mwaka wa pili, sijagusa trima.

#32 Dada_Risasi (Mwanza)

Mzee, rilei?!

#33 Juma_Mtaa_wa_Luthuli (Nairobi)

Hapo nina wasiwasi. Koili iko na chuma katikati. Ukiiweka karibu na transfoma itavuta mvumo kama antena, na uko kwenye sehemu nyeti kuliko zote.

#34 FundiRedio_Temeke

Transfoma yangu iko nje ya boksi, mita moja. Na chuma nilikitoa.

#35 Profesa_Umeme

Wazo ni la kweli kifizikia, sitalipinga. Lakini anayetaka kulala usingizi anunue aisii ya oscileta ya 3340. Muundo ni wa kampuni ya Curtis, unauzwa tena sasa, na kuna AS3340 inayotengenezwa Riga, Latvia. Fidia ya joto imo ndani.

#36 FundiRedio_Temeke

Na kufika Temeke inafika lini?

#37 Bi_Ganuni (Zanzibar)

Assalaam alaykum. Mie nimekuja kwa jambo jengine. Mnahangaikia semitoni za piano kana kwamba ndizo za Mungu. Hii volti yenu haina vituo, inateleza popote. Sisi kwenye taarab tuna maqam (mipangilio ya noti ya Kiarabu). Kwenye maqam ya Rast ile noti ya tatu si ya piano, iko chini yake, na mpiga ganuni ana vishikizo vidogo vya kuipandisha na kuishusha. Je, kinanda hiki cha kijana kitaweza, au ndiyo yale yale ya vinanda vya dukani vya kututengua masikio?

#38 Waya_Mwekundu

Waalaykum salaam bibi. Kinaweza! Aisii yangu hatua moja ni milivolti 1, na semitoni ni 83. Nusu ya semitoni ni karibu 42. Kwenye programu naweka tu orodha ya noti 12, kila moja na nyongeza au punguzo lake. Noti ya tatu ya piano ni milivolti 333 juu ya mwanzo, nikiiweka 292 inakuwa katikati.

#39 Bi_Ganuni (Zanzibar)

"Katikati" ni ya kwenye vitabu. Masikio ya hapa hayaiweki katikati kamili, na kila mpigaji na yake. Usiiandike ikaganda. Tia kitufe cha kuizungusha, mtu aitafute kwa sikio lake.

#40 Msafiri_wa_Leipzig

Hiyo ndiyo faida ya moduli, na ndiyo sababu mimi sioni mantiki ya kukimbilia 3340 na usahihi wa senti moja.

#41 Profesa_Umeme

Kuteleza kwa kutaka na kuteleza kwa bati ni vitu viwili.

#42 Bi_Ganuni (Zanzibar)

Hapo Profesa nakuunga mkono. Ganuni nayo hulegea kwa joto, lakini mpigaji huikaza kabla ya kupanda jukwaani, hamlaumu jua.

#43 Waya_Mwekundu

Mrejesho wakuu. Jumamosi nimefanya haya: diodi kwenye kila moduli, rezista za metali njia ya noti, rezista ya kibodi imeingia ndani ya marejesho, transista zimegandishwa kwa epoksi na kipande cha shaba. Sapulai bado ileile.

Oscileta ya pili ikichomekwa, ya kwanza haitikisiki tena. #15 ubarikiwe. Mchana imepanda, lakini sasa ni kama robo ya semitoni na za juu zimeshuka kidogo. Usiku bado mbuzi.

#44 Juma_Mtaa_wa_Luthuli (Nairobi)

Stima. Nilisema.

#45 FundiRedio_Temeke

Hapana, subiri. Kijana, ile taa ya LED ya geti kwenye kibodi, athi yake inarudi wapi? Kama inapita waya uleule wa athi ya noti, kila ikiwaka inasukuma milivolti chache, na milivolti 4 tu ni senti 5. Mtetemo unaweza kuwa huo, na usiku unausikia zaidi kwa sababu mtaa umetulia.

#46 Waya_Mwekundu

Inapita waya uleule.

#47 Juma_Mtaa_wa_Luthuli (Nairobi)

Basi ing'oe LED usiku mmoja tuone. Ikiacha kutetemeka nakutumia hela ya soda. Isipoacha FundiRedio ananunua transfoma.

#48 FundiRedio_Temeke

Nimekubali. Ila transfoma ya mtumba.

#49 Waya_Mwekundu

LED nimeing'oa saa moja jioni. Sasa hivi saa mbili na robo, mita ukutani inasoma 201. Mtetemo umepungua, haujaisha. Nani anatoa hela?

#50 Kaa_La_Moto

Gawaneni. Na mtoa mada tuwekee rekodi ya huyo mbuzi kabla hamjamchinja, mimi namtaka kwenye biti.